Mwanangu, uliniuliza kama tulikuwa tunaogopa

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye meseji. Umeuliza, "Baba, mlivyokuwa mnasimama juani kupigia bendera saluti, ule ulikuwa uzalendo au woga? Na huo uhuru mliuona wapi wakati hata sukari ni foleni?"

Nianze na babu yako. Usiku wa tarehe 8 Desemba 1961 alitoka Magomeni kwa miguu mpaka Uwanja wa Taifa, huu ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru. Alikuwa anatusimulia kila mwaka, ilipofika saa sita usiku taa zikazimwa, giza, watu kimya, zilipowaka bendera ya Mwingereza haipo tena, inapepea ya Tanganyika. Akifika hapo sauti inamkatika, mzee ambaye hata msibani sikuwahi kumwona akilia.

Ndo maana nilipoingia skauti 1983 alifurahi sana, kasoro kitu kimoja, ile salamu ya mkono wa kushoto. Alikasirika kweli, si unajua kwetu mkono wa kushoto humpi mtu mzima. Nikamweleza kwamba skauti tunatoa wa kushoto kwa sababu ndio ulio upande wa moyo, akafikiri weee, akasema sawa, huko huko kambini, hapa nyumbani nipe wa kulia.

Kambi yetu ilikuwa Pugu. Tulitembea toka mjini na masufuria mgongoni, tunapika ugali wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, maharage bila mafuta maana mafuta hakuna. Mwalimu wetu wa skauti alitukalisha chini ya mwembe akatuambia hapa Pugu ndipo Nyerere alikuwa anafundisha, akaambiwa achague kazi au siasa, mwaka 1955 akaacha kazi, mshahara ukakatika na ana familia. Mimi nina miaka kumi na tatu, nikawa najiuliza hivi yeye hakuogopa?

Sasa kuhusu kusimama juani. Kuna siku tulipangwa kumpokea mgeni rasmi, tumefika saa moja asubuhi, mpaka saa sita mgeni hajaja, sare za kaki zimelowa, skafu imebana shingo na ruhusa ya kunywa maji hakuna. Mwenzangu wa mbele yangu akaanza kuyumba, nikaona magoti yanalegea, akaanguka puu, kofia ikabingirika mpaka kwenye mlingoti. Hapo nakiri niliogopa, sikunyanyua hata mguu. Mwalimu wetu ndo akatoka akambeba yule mtoto begani, akatugeukia, "Kikosi, nendeni kivulini mkanywe maji!" Bwana mmoja wa maandalizi akaja anafoka, unaidhalilisha bendera, sijui nini, mwalimu akamjibu taratibu kabisa, "Bendera ni ya hawa watoto."

Mgeni alipokuja tulirudi kwenye mstari tukapiga saluti, na nakwambia kweli mwanangu ile ndo saluti niliyoipiga kwa moyo kuliko zote, mpaka leo nikipita pale Mnazi Mmoja nikiuona mnara wa mwenge naikumbuka.

Kwa hiyo woga ulikuwepo, sikudanganyi, wengine tulisimama kwa sababu mwenzako kasimama. Ila mimi uhuru niliuona pale kivulini na kikombe cha bati mkononi, kwa mtu aliyeipenda bendera kiasi cha kumkatalia mkubwa mbele yake. Wewe unapokasirika na mambo ya nchi, unapiga kelele ofisini kwenu pesa ya umma ikichezewa, halafu wenzako wanakwambia huna uzalendo, mimi namkumbuka yule mwalimu, na usiku nalala vizuri.

Skafu ninayo bado, ipo kwenye sanduku la bati chini ya vitenge vya mama yako. Jumapili ukija usipande daladala ya jioni, njoo mapema, nikuonyeshe tulivyokuwa tunaikunja bendera watu wawili bila kugusa chini, peke yangu siwezi.

Baba yako