Stihl MS 271 au Husqvarna 450 kwa minazi

Ndugu yangu, umeuliza msumeno wa moto upi kwa minazi iliyoanguka huko Wete, Pemba, Stihl MS 271 au Husqvarna 450. Injini zote ni sisi (cc, ukubwa wa injini) 50.2, Stihl ina kilowati 2.6, Husqvarna 2.4 ila nyepesi kidogo mkononi. Mie ningechukua ule ambao fundi wa Chake Chake ana spea zake, basi. Kazi ipo kwenye mnazi wenyewe: nyuzi zake, na mchanga ulionasa kwenye gome, meno yanakuwa butu mara moja. Tupa haitoki mfukoni mwangu, kila tangi likiisha nanoa. Oili, sehemu moja kwa sehemu hamsini za petroli, usikisie kwa kifuniko cha soda kama jirani yangu. Na kibali cha Idara ya Misitu kitangulie.