Una sukari? Usidharau damu ya ufizi

Ukienda kliniki ya kisukari utaambiwa uvue viatu, miguu iangaliwe. Utaulizwa kama macho yanaona vizuri, utapimwa presha, utaandikiwa kipimo cha figo. Kinywa mara nyingi hakiguswi, maana kina idara yake, daktari wake na foleni yake. Kwa hiyo ni sisi wenyewe wa kukisemea. Ninaishi na kisukari aina ya 2, na ushauri ninaowapa wenzangu kuliko mwingine wowote ni huu: ukipiga mswaki ufizi ukatoka damu, mwambie daktari wako wa sukari, kisha nenda kwa daktari wa kinywa na meno, hata kama hakuna jino linalouma.

Nasisitiza hilo la kutouma. Hapa Dar es Salaam mtu huenda kwa daktari wa meno jino likishamnyima usingizi, na anaenda ling'olewe tu. Ugonjwa wa fizi haungoji maumivu. Unaanza kwa fizi kuwa nyekundu na kuvimba kidogo. Unaona damu kwenye mswaki, au unang'ata hindi la kuchoma na damu inabaki kwenye hindi. Kinywa kinatoa harufu hata baada ya kukisafisha. Polepole ufizi unaachana na jino, panakuwa na uwazi ambamo bakteria wanajificha, na mfupa unaolishika jino unaliwa. Meno yanaonekana marefu kuliko zamani, yanaachana, yanaanza kucheza. Yote hayo yanaweza kutokea na mtu asinywe hata kidonge kimoja cha maumivu.

Sukari inaingiaje hapo? Ikikaa juu muda mrefu, inaongezeka hata kwenye mate na kwenye majimaji yanayotoka katikati ya ufizi na jino, na bakteria wanapata chakula. Chembe nyeupe za damu, zinazotakiwa kupambana nao, zinafanya kazi kwa ulegevu. Mishipa midogo ya damu inayolisha ufizi inaharibika, kwa hiyo hata kidonda kidogo kinachelewa kupona. Mate nayo yanapungua, kinywa kinakauka, na mate ndiyo yanayosuuza meno mchana kutwa. Mwaka 1993 mtaalamu wa meno Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari, akiuweka pamoja na yale ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Hayo matano tunayasikia kila siku kliniki. La sita lingefaa liandikwe kwenye kadi zetu.

Na mambo hayaishii hapo, kwa sababu fizi nazo zinairudia sukari. Ufizi wenye uambukizi wa muda mrefu unaufanya mwili mzima uwe kwenye hali ya kupambana, na mwili wa namna hiyo unaikataa insulini, iwe ya kwako mwenyewe au ya sindano. Unaweza kumeza dawa kwa wakati, ukapunguza wali, ukatembea jioni, na bado namba zinagoma kushuka. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kutibiwa fizi kunashusha kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, kwa takriban asilimia 0.4 ndani ya miezi 3 au 4. Yaani mtu wa 8.4 anaweza kufika 8.0. Haichukui nafasi ya dawa, lakini kwa ugonjwa huu, ambao tunahangaika kushusha hata kidogo, mimi siwezi kuidharau.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Wenye sukari wengi tuna presha pia, na baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, zinaweza kuzifanya fizi za baadhi ya watu zikue na kufunika meno. Ukiona hivyo usiache dawa. Mwonyeshe daktari aliyekuandikia, aamue yeye kama kuna ya kubadilisha.

Sasa niseme kuhusu kung'oa, maana hapa ndipo woga ulipo. Tukiwa kwenye benchi asubuhi tunasubiri kutobolewa kidole, nilimwamkia bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu. Alikuwa ameshika shavu.

"Jino, bibi?"

"Linacheza mwezi wa pili huu. Lakini mwanangu, sisi wa sukari hatung'oi. Kidonda hakifungi, unakufa."

"Daktari ndiye aliyekuambia?"

"Haya mbona yanajulikana!"

Yanajulikana kweli, mtaani kwetu na mtaani kwako. Nimeyasikia Tabata, nimeyasikia Mbagala, hata kwa watu waliosoma. Yana chembe ya ukweli: sukari ikiwa juu sana, kidonda kinachelewa kupona na kinapata uambukizi kwa urahisi, ndiyo maana daktari anaweza kuahirisha kung'oa kusiko kwa dharura mpaka sukari itulie. Lakini mwenye sukari iliyodhibitiwa anang'olewa jino na anapona. Na jino bovu lenye usaha, likiachwa mdomoni kwa woga, ndilo linalopandisha sukari. Bibi yule nilimweleza hivyo, tukaenda pamoja mpaka dirisha la kinywa na meno, akapewa tarehe.

Halafu si kila anayekwenda huko anang'olewa. Ugonjwa wa fizi ukiwahiwa, tiba yake ya kwanza ni kusafishwa, yaani kukwanguliwa ugaga. Ugaga ni ule utando laini wa kwenye meno uliokaa mpaka ukawa mgumu kama chokaa ndani ya birika la maji ya kisima. Mswaki hauutoi, hata usugue mpaka utoke jasho. Unatolewa kwa vifaa, juu ya ufizi na chini yake. Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, zina huduma za kinywa na meno, na Muhimbili kuna mabingwa. Kama una bima, uliza mapema inalipia nini. Kama huna, uliza bei kabla hujakaa kwenye kiti. Hakuna aibu hapo.

Siku ya kwenda, jipange. Omba nafasi ya asubuhi. Kula chai yako kama kawaida na unywe dawa zako kama kawaida. Ganzi ya jino haitaki ushinde na njaa, na mwenye sukari akishinda na njaa baada ya kuchoma insulini anatafuta kuanguka. Pima sukari kabla ya kutoka nyumbani, na kama una mashine ya kupimia nenda nayo. Mtajie daktari dawa zako zote, hasa zile za kufanya damu iwe nyepesi kama aspirini, na usiziache mwenyewe kwa kuogopa damu. Muulize utaweza kula saa ngapi, kwa sababu mdomo ukiwa na ganzi unaweza kujing'ata bila kujua. Wa insulini wapange hilo na daktari kabla ya kuchoma ya mchana.

Nyumbani, kazi kubwa ni ya usiku. Asubuhi kila mtu anapiga mswaki kwa sababu anakwenda kwa watu. Usiku tunakula, tunaangalia taarifa ya habari, tunalala, na ndipo mate yanapopungua na bakteria wanapojitanua. Mimi nimeunganisha na miguu: kabla ya kulala naangalia nyayo na katikati ya vidole, kisha napiga mswaki huku nikitazama fizi kwenye kioo. Mswaki uwe wa brashi laini, dawa iwe yenye floraidi, dakika 2, brashi ukiilaza kidogo kuelekea pale jino linapokutana na ufizi. Sehemu inayotoka damu ndiyo isafishwe vizuri zaidi, kwa upole. Watu wengi wanaikwepa, na kuikwepa kunaiongezea uchafu. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno au vibrashi vidogo. Njiti za kuchokonolea zinachoma ufizi, na kidonda kisicho na sababu hatukihitaji.

Mswaki wa mti nauheshimu, na anayeujua anausafisha nao mdomo vizuri. Utafune ncha mpaka iwe nyuzi laini, ufike na upande wa ndani wa meno, na bado utumie dawa yenye floraidi walau usiku. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanatuliza ufizi uliovimba, ila hayaondoi ugaga. Mkaa na majivu yanakwangua meno. Karafuu inatia ganzi kidogo, na ubaya wake ni huo huo: inakutuliza huku ugonjwa ukiendelea. Sigara inaharibu fizi vibaya sana, na mvutaji anaweza asione hata damu ya kumshtua. Ugoro na tambuu ya tumbaku navyo viacheni.

Kuhusu chakula, tazama pia namna unavyokula. Soda moja inayonyonywa kidogo kidogo kutoka Posta mpaka Kimara ndani ya basi la mwendokasi inayaogesha meno sukari njia nzima. Ubuyu wa rangi na kashata vinanata. Kinywa kikikauka, kunywa maji matupu. Na mtu ambaye meno yameanza kucheza anaanza kukwepa maharage, matembele, karoti, nyama. Anahamia kwenye uji na mkate wa kuchovya kwenye chai, na sukari inapanda kwa sababu ya meno. Nimeliona hili kwa wazee wengi, na watoto wao wanadhani baba kachagua chakula tu. Muulizeni kama anaweza kutafuna.

Ila sukari ikishuka chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), unatetemeka na jasho linakutoka, usifikirie meno. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ukishatulia ndipo usukutue.

Wenye meno bandia ya kuvua wayavue usiku, wayasugue, wayaloweke kwenye maji safi. Utando mweupe mdomoni unaoacha wekundu ukiufuta unaweza kuwa fangasi, na kwetu wenye sukari wanakuja kirahisi. Dawa yake ipo, nenda ukaonyeshe.

Uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, shida ya kumeza au kufungua mdomo: hayo hayangoji tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na neno la kwanza kwa atakayekupokea liwe kwamba una kisukari.