Karanga Zangu Ulizipeleka Wapi? Ushauri kwa anayetaka kuipiga picha Dodoma

Nilihamia Dodoma mwaka 2017 nikiwa nimenuna. Mke wangu ni mtumishi wa serikali, ofisi yake ilikuwa inahama, na mimi nilikuwa na kistudio changu Dar es Salaam cha picha za pasipoti na harusi. Kwetu ni Tanga. Mtu aliyezoea minazi na bahari, basi likishaiacha Gairo na kijani kikaanza kukatika nje ya dirisha, moyo lazima umwingie ubaridi.

Kwenye grupu la ukoo hawakunionea huruma. "Mmefika Mirembe salama?" aliandika binamu yangu mmoja, kana kwamba hospitali ile ya afya ya akili ndiyo mji mzima. Mwingine akauliza kama shemeji yao ameshafundishwa kuomba omba. Vumbi, kiu, njaa, vichaa, ombaomba: mizaha hiyo kila Mtanzania anaijua, na wengi wanaoitoa hawajawahi hata kulala Dodoma usiku mmoja.

Nikaamua kuwajibu kwa kamera. Hapo ndipo nilipokosea, na ndilo jambo ninalotaka kukwambia kabla hujanunua hata kitambaa cha kufutia lenzi: usipige picha ya mji kwa ajili ya kumjibu mtu.

Mwanzoni nilijibu kwa majengo. Ukumbi wa Bunge, Msikiti wa Gaddafi asubuhi na minara yake, Nyerere Square, majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yaliyotandazwa juu ya vilima. Picha safi, mistari imenyooka, anga la bluu. Binamu akajibu kwa maneno matano: "Hongera, mmejenga. Maji je, yapo?" Siku hiyo bomba letu lilikuwa na siku ya tatu halijatoa hata tone. Nikanyamaza.

Kisha nikageukia upande wa pili. Nikaanza kutafuta picha "zenye hisia". Watoto na madumu ya njano, ng'ombe waliokonda, mlango wa tembe uliopasuka. Zote nikazigeuza nyeusi na nyeupe, maana huzuni ikikosa rangi huonekana ya kisanii. Watu mitandaoni wakazipenda kuliko yale majengo, nami nikavimba kichwa.

Mpaka siku ya bibi wa soko la Majengo.

Alikuwa anauza karanga pembeni ya soko, chini, ungo mbele yake na kikopo cha kupimia. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu. Akanyoosha mkono, kiganja juu, uso umekunjamana, jua likimpiga upande mmoja. Nikabonyeza. Nyumbani nikaikata picha ile chini kidogo kwa sababu ungo ulikuwa unaharibu fremu, nikaiweka mtandaoni na neno moja tu: Dodoma. Pole zikamiminika. Mmoja akauliza atume wapi msaada. Mwingine akaandika, "Ndio hao Wagogo wetu."

Siku ya tatu kijana wa bodaboda akaingia studio na simu mkononi.

"Kaka, hii umepiga wewe?"

"Ndiyo."

"Huyu ni bibi yangu. Haombi. Alikuwa anadai hela yake. Mteja amechukua karanga za mia tano anataka kuondoka kalipa mia tatu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea. Nikaifuta picha mbele yake, ingawa sote tulijua imeshasambazwa na haifutiki tena. Nikafunga studio, nikapanda pikipiki yake hadi sokoni. Nilimsalimia bibi "mbukwa" kwa lafudhi yangu ya Tanga, akacheka mpaka akashika mbavu. Mjukuu akamwonyesha picha kwenye simu ya rafiki yake. Akaitazama kwa muda, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akaniuliza:

"Sasa baba, karanga zangu ulizipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu.

Wazee wa hapa wana hadithi mbili za jina la mji huu, zote zikitoka kwenye neno la Kigogo idodomya, yaani imedidimia. Ya kwanza ni ya tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni akazama matopeni. Ya pili ndiyo niipendayo. Inasemwa kuna watu waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia. Wenye ng'ombe walipofika kuulizia, wakaikuta mikia imechomekwa kwenye tope, na wenyeji wakasikitika pamoja nao: jamani, ng'ombe wenu wamedidimia! Mimi nilifanya kazi ileile. Nyama nilishaiondoa, nikawaonyesha watu mkia, na wao wakamaliziwa hadithi na yale waliyokuwa wakiyaamini tangu zamani.

Na hayo waliyoyaamini yana chanzo. Wagogo huzipa njaa zao majina, na wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakata. Ukiipiga picha sehemu kama hii bila kujua hilo, utadhani ukame ni tabia ya watu.

Basi, mambo niliyojifunza tangu siku ile, kwa mpangilio mbovu kama yalivyonijia.

Omba ruhusa, lakini usiishie kwenye "naomba nikupige picha." Muulize mtu angependa atokeaje. Bibi alitaka Jumapili, baada ya ibada, akiwa amevaa doti mpya ya khanga, ameketi kwenye kiti wala si chini, na ungo wa karanga mapajani umejaa mpaka zinamwagika. Kama fundi, nilitamani kumpanga vingine. Nikajizuia, na ndiyo picha yangu bora ya mwaka ule. Wengine watakataa. Ukikataliwa, nunua karanga zako uende.

Rudisha picha. Ya karatasi, si ya kutumiwa kwenye simu. Nikienda Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi nabeba bahasha ya picha za wiki zilizopita, na wachoma nyama wananiita kutoka mbali kuliko wanavyowaita wateja. Mtu akishaona ulirudi mara ya kwanza, ya pili hakukunjii uso.

Mwanga wa hapa ni mkali na hauna mzaha. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, ardhi nyeupe na ukuta wa bati vinaidanganya kamera: inadhani kila kitu kinang'aa, inapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi unabaki kivuli chenye meno. Mtoe juani umweke chini ya kibaraza au mwembe, umwelekeze kule kwenye uwazi, na ardhi ile ile iliyokuwa inakusumbua itamrudishia mwanga laini usoni kutokea chini. Kwa simu, gusa uso wake kwenye kioo kwanza ndipo upige. Fleshi iache kwa harusi. Ikifika saa kumi na moja jioni, vumbi la bodaboda na mifugo inayorudi linageuka dhahabu, na lile lile tunalolilaani likiingia kwenye ugali ndilo linakupa picha ambayo jamaa zako wa pwani hawataipata.

Lakini vumbi hilo litakuulia kamera. Julai hadi Septemba upepo hauna adabu. Usibadilishe lenzi nje. Ingia dukani, ingia hata kwenye bajaji ushushe turubai. Mimi nilibadilisha mara moja pale Nkuhungu kwa haraka, na kwa mwezi mzima kila bibi harusi wangu alikuwa na kidoa kilekile angani juu ya shela.

Majengo ya serikali: hapa ni makao makuu, uamuzi ulipitishwa mwaka 1973 na sasa umetimia kwa nondo na zege. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu ya Chamwino, usinyooshe kamera. Stesheni na ofisi, uliza kwanza. Mlinzi wa ofisi moja aliwahi kunifutisha picha arobaini za wanandoa waliopenda maua ya getini. Nilikuwa na hasira, lakini kosa lilikuwa langu la kutouliza.

Njoo mara mbili. Ndilo ningelisema kwa herufi kubwa. Mwaka mzima tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Anayekuja Septemba anakuta mibuyu imesimama uchi, miamba, mchanga wa mto usio na maji, anasema jangwa. Aje Januari. Mibuyu imevaa majani, makorongo yanapita maji mekundu, mashamba ya mtama na uwele yamechipua hadi ukingoni mwa lami. Mimi nina kona moja chini ya Mlima Simba ninakopiga picha kila mwezi nikiwa nimesimama kwenye jiwe lilelile. Picha hizo kumi na mbili nimezibandika ukutani studio, na wateja hubisha kwamba si sehemu moja.

Zabibu nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, msimu wa mwanzo wa mwaka na ule wa Agosti na Septemba. Usizipige mezani kwa muuzaji, kila mtu ana picha hiyo. Nenda Hombolo au Mpunguzi, omba uingie shambani saa moja asubuhi, chuchumaa chini ya mzabibu ukilielekea jua. Punje zinawaka kama taa. Na kama mwenye shamba anataka kusimama mbele ya kishada kikubwa akiwa na kofia yake ya chama, mpige hivyo hivyo.

Maji yaliyonitesa siku ile bado nayapiga picha. Tofauti ni kwamba sasa nampiga kijana wa guta na madumu yake yote kumi na mbili, namba ya simu aliyoichora ubavuni, na mteja anayebishana naye bei. Shida ipo kwenye picha. Na biashara ipo, na mdomo upo.

Binamu, yule wa Mirembe, alikuja mwaka 2024 baada ya treni ya umeme kuanza. Alishuka akilalamikia baridi ya usiku, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumtania nalo mtu wa Dodoma. Nikampeleka Majengo.

Bibi bado anauza. Picha yake ameiweka kwenye fremu, imetundikwa sebuleni mkabala na mlango, ila kila mgeni akiingia jua linaingia naye. Wiki iliyopita alinituma mjukuu wake na ujumbe. Picha imeanza kupauka, khanga nyekundu imekuwa ya waridi, na anataka kujua kama ni jua la Dodoma au ni wino wangu.

Ni wino wangu. Nilinunua wa bei rahisi. Jumapili naenda kumpelekea nyingine, na ameshasema safari hii jogoo naye awemo.