Kitabu cha Wageni

Mwanangu Zuhura,

Salamu kutoka Tanga. Hatujambo, ila goti la mama yako ni lile lile. Umeuliza kama siku nne zinatosha kuwazungusha wajukuu zangu kwa gari kwenye viwanja vya Vita Kuu ya Kwanza, Ieper huko Ubelgiji, kisha Somme mpaka Verdun huko Ufaransa. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jibu langu ni kwamba mbebe chakula. Cheka tu. Makaburini hakuendwi na njaa. Nililisema siku ile tulipokuja kukutembelea Ghent, mkanipuuza. Ikawa Jumapili, maduka yamefungwa, tukafika Tyne Cot, yale makaburi ya askari wa Dola ya Uingereza karibu na Ieper, saa nane mchana mama yako hasemi na mtu.

Labda ni njaa iliyonituma. Unayakumbuka yale mawe: makaburi karibu 12,000, na zaidi ya 8,000 hayana jina, yameandikwa tu kwamba Mungu ndiye amjuaye. Wewe ulikuwa ukipiga picha maua. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye mwaka, 1917. Mwaka ule ule babu yangu mzaa baba alichukuliwa Muheza kuwabebea Waingereza mizigo, wakimfukuza Mjerumani kuelekea kusini. Hakurudi. Kama ni risasi au ni kuhara damu, nani aliyekuja kutuambia? Wapagazi wenzake wa "Carrier Corps" wameachiwa Kariakoo, jina la soko. Na Sanamu ya Askari pale Dar, iliyosimamishwa 1927, mwaka ule ule lilipofunguliwa Lango la Menin pale Ieper na majina yake zaidi ya 54,000 ya askari wasiojulikana walipozikwa, haina jina la askari hata mmoja.

Basi nikafungua kijisanduku cha ukutani, nikatoa kitabu, nikaandika jina la babu, la baba yake, na kijiji. Ukaja nyuma yangu ukasema, "Baba, hicho ni kitabu cha wageni." Ulisema polepole, kama mtu anayemzuia mtoto asichore ukuta.

Bado nakusikia. Na ulisema kweli, kitabu ni cha wageni. Siku nyingine najilaumu: wale vijana wa watu walinidai nini, hata nimwingize babu yangu kwenye matanga ya wenyewe? Halafu nageuka. Pale asiyejulikana kapewa jiwe, na babu anajulikana mpaka jina la mama yake, jiwe hana. Sasa mgeni nani? Sikukujibu siku ile kwa sababu mama yako aliita kutoka kwenye gari kwamba ameona mahali wanauza chipsi, na zile chipsi, mwanangu, sijala nyingine kama zile.

Haya, safari yako. Ieper mlale. Saa mbili usiku barabara inayopita chini ya lango hufungwa na tarumbeta hupigwa; ndivyo ilivyo tangu 1928, isipokuwa miaka Wajerumani walipoukalia mji. Somme wapelekeni watoto kwenye lile shimo kubwa la baruti la Lochnagar kwanza, mnara wa kumbukumbu wa Thiepval baadaye, maana kule ni majina tena, zaidi ya 72,000, na mtoto wa miaka sita hasomi ukuta.

Verdun sijui nikwambieje. Pale kwenye jumba la Douaumont wamekusanya mifupa ya wanajeshi 130,000 na zaidi, Wafaransa na Wajerumani, haitenganishiki. Huonekana kupitia vidirisha vya nje. Mimi niliinama kuchungulia. Vidirisha viko chini, Zuhura, usawa wa macho ya mtoto. Sisemi msiende. Uamuzi ni wako na mumeo, nimekwishajizuia. Ila nasema viko chini.

Chapati mzifunge kwenye foili, na msile zote asubuhi, makaburini hakuendwi na njaa. Na kalamu chukueni yenu. Ile ya pale ilikauka wino nikiwa kwenye jina la kijiji, pakabaki "Muhe".

Baba yako