Shimo jeusi halifyonzi

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, Morogoro. Katika jarida la chuo niliandika: "Watafiti wanachunguza mageuzi ya galaksi, ambazo katikati yake pana shimo jeusi linalofyonza kila kitu kilicho karibu." Mhariri alifuta "mageuzi" akaandika "mageuko". Je, alikuwa na haki?

Jibu: Alikuwa na haki, ndugu, na sababu imo kwenye kitenzi. Kugeuka hutokea kwenyewe, kugeuza kunadai mtendaji. Cha kwanza kimetupa mageuko, cha pili mageuzi. Ndiyo maana tunasema mageuzi ya elimu na mageuzi ya katiba, mambo ambayo watu wameyakalia kikao. Galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota na gesi, haina wa kuikalia kikao. Gesi yake hujikusanya ikawa nyota, galaksi hugongana na jirani yake, umbo likabadilika kwa mamilioni ya miaka. Jina lenyewe latokana na Kigiriki "gala", yaani maziwa, na hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na huyo mhariri. Ametoa kibanzi, boriti ameiacha: shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata mwanga haukiponyoki) "linalofyonza kila kitu". Neno hili limezagaa madarasani na redioni, na kila linapopita linaacha uongo.

Kufyonza kuna masharti yake. Chukua dafu lililotobolewa, tia mrija. Ukivuta kwa mdomo unapunguza hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje, inayoyakandamiza maji ya dafu, inayasukuma yapande. Ziba kabisa lile tundu kuuzunguka mrija, hewa isiingie, na baada ya mafunda machache maji yatagoma. Kumbe hata kwenye dafu kazi inafanywa na msukumo wa hewa. Katikati ya galaksi hakuna hewa ya kusukuma hivyo, wala mdomo, wala mrija.

Utaniuliza: si tunasema nguvu ya mvutano? Tunasema, na ni sahihi, ila kuvuta si kufyonza. Dunia inauvuta mwezi usiku na mchana, na mwezi hauanguki kwa kuwa una mwendo wake wa pembeni. Shimo jeusi huvuta kwa sheria hiyo hiyo. Leo jua likiondolewa pakawekwa shimo jeusi lenye tungamo (wingi wa maada) lile lile, lenye nusu kipenyo cha kilomita 3 tu, tutakufa kwa baridi, lakini dunia itaendelea kulizunguka kwa siku 365 kama kawaida.

Ushahidi uko katika galaksi yetu wenyewe. Katikati yake, umbali wa takriban miakanuru 26,000 kutoka hapa (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), pana Sagittarius A*, shimo lenye tungamo la majua milioni 4 hivi. Nyota iitwayo S2 hulizunguka kwa miaka 16. Kundi la Reinhard Genzel, kwa darubini za Chile, na kundi la Andrea Ghez, kwa zile za Hawaii, yaliifuatilia kwa miongo kadhaa, na mwaka 2020 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia na Roger Penrose. Mei 2018 S2 ilifika kwenye kona ya karibu kabisa na shimo, mara 120 ya umbali kati ya dunia na jua, ikienda zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Kama kufyonzwa kungekuwapo, mahali pake ni hapo. Nyota ilikata kona ikaenda zake kwenye njia yake yenye umbo la yai, na itarudi pale pale mwaka 2034. Hata G2, lililodhaniwa kuwa wingu la gesi, lilipopita jirani na shimo hilo mwaka 2014 huku watu wakingoja fataki, lilitokea upande wa pili.

Kwa mtafiti, ubaya wa neno hili ni kwamba linafuta swali analolitafiti. Shimo lingekuwa linafyonza, lisingekuwa na shida ya chakula. Gesi haiingii kirahisi kwa sababu inazunguka, na ili iangukie ndani ni lazima kwanza ipoteze mzunguko huo. Huupotezea kwenye sahani ya gesi inayolizingira shimo, ambako msukosuko na nguvu za sumaku huichemsha hadi ing'ae. Takriban asilimia 10 ya tungamo linaloanguka huweza kutoka kama nishati, ilhali hidrojeni inapoungana ndani ya nyota hutoa asilimia 0.7 tu. Nishati hiyo husukuma gesi nyingine nje. Katika galaksi ya M87 mkondo wa chembe huchomoza karibu na shimo na kwenda maelfu ya miakanuru. Gesi iliyofukuzwa au kupashwa moto haipoi ikawa nyota, na galaksi inapunguza uzazi. Hapo ukiniambia shimo linaigeuza galaksi yake, nitakubali, maana mtendaji amepatikana. "Fyonza" linaificha nusu hii nzima ya habari.

"Kumeza" nalivumilia, kwa shingo upande, kwa kuwa kilichovuka upeo wa shimo, yaani mpaka wake, hakirudi. Kabla ya upeo, gesi huangukia au huzama. Nyota iliyokaribia mno huraruliwa, na hata hapo karibu nusu ya mabaki yake hutupwa nje.

Na usije ukaliandikia shimo jeusi lenyewe mageuko kama ya galaksi. Sifa zake ni tungamo, kujizungusha na chaji ya umeme, basi. Halina mikono ya nyota wala kitovu cha kubadilika umbo. Hilo hukua, kwa gesi inayoliangukia na kwa kuungana na mashimo mengine. Sentensi yako iandike hivi: "Watafiti wanachunguza mageuko ya galaksi na ukuaji wa mashimo meusi makubwa mno yaliyo katikati yake, ambayo huangukiwa na gesi na kuisukuma nyingine nje."