Kwa nini kontua ya mita sifuri si mstari wa pwani ya Lamu

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Matondoni, na ninasaidia kikundi chetu cha kutunza mikoko kuchora ramani ya ukingo wa maji. Nilipakua data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, yenye pikseli za mita 30, nikaifungua katika programu ya ramani ya QGIS na kuchora kontua ya mita sifuri, yaani mstari unaounganisha sehemu zote zenye mwinuko huo, ili iwe mstari wa pwani. Matokeo yamenishangaza. Misitu ya mikoko inayoingiwa na maji kila siku imetokea kama nchi kavu yenye mwinuko wa mita kadhaa, hori nyembamba zimekatika vipande vipande, na Ziwa Kenyatta la Mpeketoni limekuwa bapa kama sakafu. Nimekosea wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Programu umeitumia sawasawa. Tatizo ni kwamba umeitaka data hiyo ikupe kitu ambacho haikukipima.

SRTM ilikusanywa na chombo cha angani Endeavour kati ya tarehe 11 na 22 Februari 2000. Kilikuwa na antena moja ndani ya sehemu ya mizigo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, na tofauti ndogo kati ya mwangwi uliofika kwenye antena hizo mbili ndiyo iliyokokotolewa ikawa mwinuko. Njia hiyo hufaa juu ya ardhi, lakini maji yaliyotulia huwa kama kioo: wimbi la rada linalofika kwa mshazari huruka kwenda upande wa pili, na mwangwi unaorudi ni hafifu mno. Kwa hiyo miinuko iliyopatikana juu ya maji ilikuwa ya ovyo, pikseli moja ikipanda na jirani yake ikishuka chini ya sifuri.

Kwa sababu hiyo wahariri waliisafisha data kwa mkono kabla ya kuitoa. Bahari yote ilipewa sifuri, ziwa lenye urefu wa mita 600 au zaidi lilisawazishwa kwa kimo kimoja, na mto uliochorwa ni ule wenye upana wa zaidi ya mita 183. Ubapa wa Ziwa Kenyatta unatokana na kanuni hiyo, wala haukuhusu kina chake. Ziwa hilo hilo lilikauka katika ukame wa 2016 hadi 2017, na faili yako bado inalionyesha limejaa. Hori za ndani ya mikoko nazo ni nyembamba kuliko vipimo hivyo, na pikseli moja huchanganya maji, tope na majani, ndiyo maana zimekatika. Hivyo basi, sifuri uliyoifuata kwa kontua ni kalamu ya mhariri mahali penye bahari wazi, na ni kelele za rada mahali penye hori.

Kuhusu mikoko, wimbi lililotumika lina urefu wa sentimita 5.6, na hilo haliwezi kupenya majani mazito hadi chini. Ukisimama ndani ya mikoko maji yamejaa, miguu yako imo majini na juu ya kichwa chako matawi yamefungamana. Rada inayotazama kutoka angani hupata mwangwi wake kwenye matawi hayo. Mita kadhaa ulizoziona ni kimo cha miti. Hata pasipokuwa na miti, miinuko ya SRTM imeandikwa kwa mita kamili bila desimali, na kosa lake barani Afrika lilipimwa kuwa halizidi takriban mita 5.6 katika asilimia 90 ya sehemu zilizokaguliwa, ilhali maji ya bamvua, yale makubwa ya siku za mwezi mchanga na mpevu, hapa Lamu hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeona ramani za mafuriko zilizochorwa kwa data hii zikitumiwa kuwaambia watu nyumba ipi itafikiwa na bahari na ipi itasalimika. Data hii haina uwezo wa kusema hivyo, na mwenye nyumba anastahili kuambiwa ukweli huo.

Linabaki suala la wakati. Katika siku hizo za Februari 2000 mwezi ulitoka robo ya kwanza ukakamilika tarehe 19, maana yake safari ilianza kuelekea maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, ikaishia kwenye bamvua, na chombo kilipita saa mbalimbali za mchana na usiku. Vipande viwili vya pwani vinavyopakana vinaweza kuwa vilipigwa picha maji yakiwa katika vimo tofauti kabisa, na hakuna kinachokuonyesha hilo kwenye kontua.

Ushauri wangu ni uache miinuko na ufuate mng'ao wa mwangwi wenyewe. Setilaiti za rada za Sentinel-1, ambazo picha zake ni za bure, hutoa pikseli za mita 10, na kila picha ina tarehe na saa yake. Maji hutokea meusi na nchi kavu hung'aa, kwa hiyo chora grafu ya mng'ao wa pikseli zote, utafute bonde kati ya vilima viwili, na hapo ndipo utenganishe maji na nchi. Epuka siku za kaskazi kali, kwa sababu mawimbi hurudisha mwangwi na bahari ikafanana na ardhi. Picha za wakati wa maleleji, upepo unapotulia kati ya kaskazi na kusi, ni bora. Kila picha huja na chaneli mbili za mwangwi, VV na VH, na ile ya VH husumbuliwa na upepo kidogo kuliko VV. Msitu wa mikoko utang'aa hata ukiwa umejaa maji, kwa hiyo mstari utakaoupata ni ukingo wa nje wa miti.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba Sentinel-1 hupita hapa karibu saa kumi na mbili, alfajiri au jioni, ilhali wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo rada hiyo haitakuonyesha kamwe mafungu ya mchanga yanayoibuka bamvua likipwa, hata ukikusanya picha za miaka kumi. Kwa mafungu hayo tumia Sentinel-2, inayopiga picha za kawaida kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ukichagua siku za mwezi mchanga au mpevu zisizo na mawingu.

Kisha fungua jedwali la maji kujaa na kupwa, utafute kimo cha maji kwa saa ya kila picha, na ukiandike kwenye ramani kando ya mstari wake. Ukumbuke kwamba sifuri ya jedwali ni maji yaliyopwa sana, na sifuri ya SRTM ni wastani wa bahari, hivyo usizilinganishe moja kwa moja.