Land Rover 109 ya Mwatate: ibebe, na uanze na chasisi

Salaam kaka. Umeuliza mambo matatu kuhusu hiyo Land Rover Series III pikapu, 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), uliyoiona shambani huko Mwatate: kama inafaa kununuliwa, kama unaweza kuitia betri na petroli ukaja nayo mpaka Kisauni, na kazi ya kuifufua ianzie wapi. Mimi nilitoa ya aina hiyohiyo kutoka Taita nikaileta Bombolulu, na leo inatembea. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu naona wenzetu wameshaanza kukushauri mambo ya rangi na rimu, na huko ndiko pesa za watu zinakopotelea.

La kuendesha nalimaliza haraka: usiiendeshe, hata injini ikiwaka papo hapo na kunguruma vizuri. Gari hilo lina breki za drami magurudumu yote manne, na raba za ndani ya silinda za breki hukauka zikikaa miaka bila kazi. Ukijaribu hapo shambani zitashika. Ukifika mteremko wa Mazeras kushukia Miritini, lori mbele na lori nyuma, pedali inakwenda mpaka sakafuni. Tairi nazo huonekana nzima hadi zipate joto la lami ya Taru. Kutoka Voi hadi mjini Mombasa ni zaidi ya kilomita 150 za malori, si mahali pa kujaribia gari.

Sasa kununua. Watu wengi wakiona bodi ya Land Rover haina kutu hufurahi. Bodi ni ya alumini, haiwezi kuwa na kutu. Kinachokufa ni chasisi, ambayo ni chuma chenye uwazi ndani, kama bomba la pembe nne, na huliwa kuanzia ndani. Tope huingia, huziba vitundu vya kutolea maji, na unyevu hubaki humo mwaka mzima. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini ya gari. Gonga chasisi nzima kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito, iliyokufa. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi. Ikizama, umejua. Kaa zaidi kwenye boriti ya mwisho nyuma, kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale springi zinaposhikwa. Kisha inua mkeka wa miguuni mwa dereva: ukuta ule kati ya injini na kabini ni chuma pia, na pembe zake za chini huoza kimyakimya.

Habari njema ni kwamba gari lililokaa Mwatate limekaa kukavu. La umri huohuo lililolala Nyali au Likoni likipigwa na upepo wa bahari ningekushauri ulikimbie. Kwa hiyo chasisi ikilia vizuri, nunua, hata kama injini imekwama. Injini ile ya lita 2.25 ni chuma kigumu. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, iache siku kadhaa, kisha jaribu taratibu kwa hendeli ya mkono pale mbele. Usiwahi kuilazimisha kwa kuvutwa na trekta. Na spea zipo: Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, nyingine zikaunganishwa hapa Thika, kwa hiyo mafundi wanaozijua hawajaisha.

Kuibeba ndiko kulikonisumbua akili zaidi, nikajifunza mengi. Lori la kubeba magari lenye kitanda bapa kinachoinama hadi chini ndilo bora kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, kumbuka kwamba malori mengi hupanda bara yamejaa na hurudi bandarini matupu. Kaa Voi, ongea na madereva, utapata mwenye trela bapa atakayekuchukulia kwa bei ya kuelewana. Tatizo ni kwamba sakafu ya trela iko juu sana. Kule juu ni rahisi: mashamba ya katani yana tuta au jukwaa la kupakilia, gari linaingia kwa kusukumwa. Mombasa je? Kabla hujapakia, uwe umeshapanga utashushia wapi. Mimi niliomba godauni moja Shimanzi lenye jukwaa la kushushia mizigo, kutoka hapo ikavutwa usiku kwa mwendo wa kinyonga mpaka nyumbani.

Siku ya kupakia utakuta gari haliendi. Usianze kutukana giaboksi. Kuna mkono wenye kirungu chekundu, ni wa transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma. Uweke katikati, hapo magurudumu yanaachana na injini na giaboksi yote, hata klachi ikiwa imegandamana. Likikataa bado, gonga drami kwa nyundo ya mbao pande zote huku umelegeza marekebisho ya breki kwa nyuma. Likikataa bado, angalia hendibreki. Kwenye gari hili hendibreki haishiki magurudumu. Ina drami yake nyuma ya transfa na inashika propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ikiwa imekwama, fungua nati za propela kwa spana ya 9/16, ishushe, na gari litatembea. Lakini hapa sikiliza vizuri: ukishatoa propela hiyo, gari halina hendibreki tena, na umelazwa chini yake. Tia kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujagusa hata nati moja. Nimeona kijana akiponea chupuchupu kwa jambo hilihili.

Juu ya trela, funga ekseli, wala usifunge bodi. Ukifunga bodi au chasisi peke yake, springi zinacheza njia nzima na mikanda inalegea. Pitisha mkanda mbali na paipu za breki zinazolala juu ya ekseli ya nyuma. Boneti ifungwe kamba, tairi la spea lishuke. Simameni Mackinnon Road, pale msikiti wa Seyyid Baghali ambapo madereva wengi hupumzika na kuswali, mkaze mikanda upya. Ya kwangu ilikuwa imelegea pale, na barabara ilikuwa imenyooka tu.

Ikishafika, usiipeleke kwa mpiga rangi. Vua bodi, chasisi ibaki uchi. Zibua vitundu vyote, pitisha maji baridi yasiyo ya chumvi ndani hadi yatoke masafi (kwa wenye visima vya Kisauni vyenye maji ya magadi, nunua maji ya boza, ni muhimu kuliko unavyofikiri). Iache ikauke kabisa juani. Palipooza pakatwe hadi chuma kizima, pachomelewe bati la milimita 2 au 3. Fundi akija na kipande cha dramu la mafuta mwambie arudi nacho. Baada ya hapo nyunyiza nta au oili nzito ndani ya chasisi, na urudie kila mwaka kabla ya masika.

Halafu breki zote mpya: silinda, paipu, mipira, bitana. Hapo sina mjadala.

Wakati wa kurudisha bodi, kila mahali alumini inapokutana na chuma weka kizuizi, raba nyembamba au silanti (gundi ya kuzibia). Hewa yetu ya chumvi ikipita kati ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayoliwa. Utaiona inatoa unga mweupe na kuvimba chini ya rangi. Hata bolti za stenlesi zinahitaji silanti. Watu wa Nairobi wanaweza kupuuza hili, sisi hatuwezi.

Injini ya Toyota ambayo mmoja wetu amekushauri ni hiari yako. Mimi ningeiacha ya kwake ilimradi bloku haina ufa. Ukibadilisha, namba ya injini kwenye logbuku lazima ibadilishwe pia.

Na logbuku yenyewe ndiyo ya kwanza kuiona. Namba ya chasisi imepigwa kwenye chuma mbele, upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Isugue kwa brashi ya waya uilinganishe na karatasi. Uhamisho unafanywa mtandaoni kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na muuzaji lazima ashiriki kwa akaunti yake. Kama mwenye jina ameshafariki, warithi wake wanahitaji hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, na hilo huchukua muda mrefu kuliko gari lenyewe. Muulize mzee wa shamba kwa adabu, jina lililoandikwa ni la nani.

Ukienda tena piga picha za boriti ya nyuma, pembe za miguuni na hiyo namba ya chasisi, uziweke hapa kabla hujatoa hata shilingi.